Toleo la API: namba inayoamua msimbo wako utaendaje baada ya sasisho

Salesforce, kampuni ya Marekani inayokodisha programu za kutunza taarifa za wateja kupitia mtandao, husasisha jukwaa lake mara tatu kwa mwaka. Kila sasisho hupewa jina la msimu wa huko kwao Marekani, Spring, Summer au Winter, pamoja na tarakimu mbili za mwaka. (Winter '25 ilitoka mwaka 2024. Wageni huchanganyikiwa na hili kila mara.) Mteja haulizwi kama yuko tayari. Zamu ya seva yake ikifika, benki yenye maelfu ya wafanyakazi na shirika dogo lenye watumiaji watano wote huamkia jukwaa jipya, kwa kuwa wote ni wapangaji wa mtambo mmoja.

Wapangaji hao, hata hivyo, hawakukaa bure. Wameandika programu zao humo ndani kwa lugha ya Apex, nyingine miaka kumi na zaidi iliyopita, na waliowahi kuziandika wengi wao walishahama kazi. Kinachozuia programu hizo zisivunjike mara tatu kwa mwaka ni kitu kinachoitwa toleo la API (API ni kanuni ambazo programu hufuata kuzungumza na jukwaa).

Kila klasi ya Apex, yaani kipande kimoja cha programu, huwa na faili dogo la maelezo la XML pembeni yake, na ndani ya faili hilo kuna mstari wa apiVersion wenye namba. Kila sasisho huongeza namba moja: Spring '24 ni 60.0, Summer '24 ni 61.0, Winter '25 ni 62.0, Spring '25 ni 63.0. Klasi iliyohifadhiwa kwa 45.0 huendelea kutendewa kwa kanuni za 45.0, yaani za Spring '19, hata kama jukwaa lenyewe limeshasonga mbele sana. Kampuni moja inaweza kuwa na klasi za 28.0, 45.0 na 63.0 bega kwa bega, kila moja ikifuata namba yake.

Mfano mzuri ni wa zamani kidogo. Sehemu ya jina la kwanza la mtu katika Salesforce hubeba herufi 40. Zamani, msimbo ukileta herufi 55, jukwaa lilikata zilizozidi na kuhifadhi zilizobaki, kimya kimya. Kuanzia toleo 15.0 tabia ikageuka: rekodi inakataliwa na unapewa kosa la STRING_TOO_LONG. Tabia mpya ni bora, maana data iliyokatwa bila taarifa ni data iliyoharibika. Lakini fikiria programu inayoingiza wateja kila usiku, iliyoandikwa kwa kutegemea ule ukataji. Ingegeuziwa kanuni ghafla, asubuhi kungekuwa na rekodi zilizokataliwa na simu za malalamiko. Kwa hiyo jukwaa likabeba tabia zote mbili, na namba ya klasi ndiyo inayoamua ipi itumike. Anayetaka toleo jipya huku akibaki na ukataji anaweza kuuomba waziwazi kwa kuwasha allowFieldTruncation, na hapo angalau atakayesoma msimbo ataona kwamba uliamuliwa.

Upande wa pili wa namba hiyo ni vipengele vipya vya wasanidi. Hapa matangazo huwa na kelele nyingi, na siku hizi karibu zote ni za akili mnemba. Mimi huruka kurasa hizo kwanza na kutafuta mabadiliko madogo ya lugha, kwa sababu hayo ndiyo utakayoyatumia kila siku. Chukua hili: unatafuta mteja kwenye ramani (Map, orodha inayounganisha kitambulisho na rekodi yake) kwa kitambulisho chake, hayumo, unapata thamani tupu, kisha unauliza mji wa kitu kisichokuwepo. Programu inakufa na ujumbe ambao kila mwandishi wa Apex anaujua kwa moyo, "Attempt to de-reference a null object". Tiba ya zamani ilikuwa kujaza msimbo masharti ya if. Winter '21 (50.0) ikaleta alama ya ?. inayosimama pale ikikuta utupu, na Spring '24 (60.0) ikaleta ?? inayotoa thamani mbadala. Masharti yote yale yakawa mstari mmoja:

String mji = wateja.get(id)?.BillingCity ?? 'Haujulikani';

Kilicho kizito zaidi, kwa maoni yangu, kilikuja na Spring '23 (57.0). Kwa kawaida Apex huendeshwa kwa mamlaka ya mfumo: haiangalii kama mtumiaji aliyebonyeza kitufe ana ruhusa ya kuona mshahara au namba ya simu ya mtu. Kazi ya kukagua ruhusa ilikuwa ya mwandishi, kwa mistari mingi inayochosha, na kinachochosha husahaulika. Sasa unaandika WITH USER_MODE ndani ya ulizo la kusoma data, au update as user unapohifadhi, na hifadhidata yenyewe inafuata ruhusa za mtumiaji. Kama unaandika msimbo mpya leo bila maneno hayo, uwe na sababu unayoweza kuieleza.

Kupandisha namba ya klasi ya zamani ni kazi rahisi ya mikono na ngumu ya kichwa. Unabadilisha mstari mmoja, lakini umebeba tabia zote zilizogeuka kati ya namba ya zamani na mpya. Pandisha klasi chache kwa wakati, katika mazingira ya majaribio, ukiendesha majaribio yake. Salesforce hudai majaribio yafikie asilimia 75 ya msimbo wa Apex kabla ya kuupeleka kwenye mfumo halisi, ila asilimia hiyo hupima mistari iliyopitiwa tu. Jaribio lisilohakiki matokeo litapita hata kama jina limekatwa katikati.

Namba hiyo pia si ngao ya kila kitu. Yapo mabadiliko, hasa ya usalama, ambayo Salesforce huyaorodhesha kwenye ukurasa wa Release Updates na kuyawekea tarehe ya kulazimishwa. Mengi yake hayaangalii klasi yako iko toleo gani. Mazingira ya majaribio yaliyo kwenye kundi la onyesho la awali hupokea sasisho wiki kadhaa kabla ya mfumo halisi, na huo ndio muda wa kuyajaribu.

Tena kuna milango ya nje. Programu inayozungumza na Salesforce kutoka seva nyingine hutaja toleo ndani ya anwani, kwa mfano /services/data/v63.0/. Aliyewahi kuunganisha duka lake na M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom, ameshaona v1 ikikaa vivyo hivyo kwenye anwani ya stkpush, ile inayotuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja. Matoleo ya milango hii hayaishi milele. Salesforce huahidi kulihudumia kila moja kwa angalau miaka mitatu. Matoleo 7.0 hadi 20.0 yalistaafishwa Summer '22, na 21.0 hadi 30.0 yakafuata Summer '25. Ukibisha mlango wa REST (ule unaoitwa kwa anwani za wavuti kama hiyo ya juu) uliostaafishwa, unajibiwa 410, yaani kilichokuwepo kimeondolewa.

Wanaoumia hapo ni wale wenye programu iliyowekwa zamani ikakaa inafanya kazi bila kuguswa. Kuitafuta hakuhitaji kununua kitu: kumbukumbu za API Total Usage hutolewa bure kwa wateja, na huonyesha toleo lililotumika, mtumiaji aliyeingia na anwani ya IP ya seva iliyopiga.