Sumu ya vinasaba si sumu ya ukoo

Juzi katika soko la Kilombero, hapa Arusha, nimelisikia tena neno la sumu ya vinasaba. Kijana mmoja alimwambia muuza vitunguu: "Mama, hivi vyekundu vimejaa flavonoidi, na flavonoidi ni sumu ya vinasaba. Wajukuu watazaliwa na kasoro." Mama akarudisha fungu mezani, akaniangalia.

Flavonoidi ni kundi kubwa la kemikali za mimea zenye kiunzi cha kaboni 15: pete mbili za kaboni sita sita, zilizounganishwa na kaboni tatu. Sumu ya vinasaba ni kitu kinachoweza kuharibu DNA, molekuli inayobeba vinasaba, ndani ya seli. Maana yake inaishia hapo.

Kinachopotosha ni neno lenyewe. Kinasaba limejengwa juu ya nasaba, yaani ukoo, tulilolipokea kutoka Kiarabu. Tena wengi wetu tumelizoea kwa sababu ya vipimo vya Mkemia Mkuu wa Serikali, pale watu wanapobishania baba wa mtoto. Kwa hiyo ukitaja sumu ya vinasaba, msikilizaji anasikia laana ya ukoo. Lakini DNA imo pia katika seli za ngozi na za utumbo, na jeraha la huko halimfikii mtoto. Ili lirithiwe, sharti liguse mbegu ya baba au yai la mama. Hata hivyo seli ina mafundi wake, na majeraha mengi ya DNA hurekebishwa kabla hayajaleta madhara. Neno la kisayansi linasema nini kimeumia. Halisemi nani atarithi.

Kosa la pili ni kulitia kundi zima katika kapu moja. Kwersetini, flavonoidi mojawapo ambayo kitunguu chekundu kinayo kwa wingi, ilionekana tangu miaka ya 1970 kubadili DNA ya bakteria wa Salmonella maabarani. Umbo lake ndilo lenye kisa: haidroksili (oksijeni iliyoshikana na hidrojeni) kwenye kaboni ya 3, kifungo maradufu kati ya kaboni ya 2 na ya 3, oksijeni kwenye ya 4, na haidroksili mbili zilizokaa jirani kwenye pete ya pembeni. Hizo mbili zikipoteza hidrojeni, molekuli inageuka kwinoni, ambayo hung'ang'ania vitu vingine vya seli. Katekini ya chai ni ndugu yake wa karibu, ila haina kile kifungo maradufu wala oksijeni ya kaboni ya 4, na katika kipimo hichohicho haikubadili bakteria. Rutini nayo ni kwersetini iliyofungwa sukari kwenye kaboni ya 3. Hutulia mpaka sukari hiyo ikatwe, kazi ambayo bakteria wa utumboni wanaiweza. Mwaka 1999 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwersetini kundi la 3: ushahidi hautoshi kuiita kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo, kijana wangu, ukirudi kwa yule mama, taja kwersetini badala ya flavonoidi zote, sema bakteria wa maabara badala ya wajukuu, kisha mnunulie lile fungu alilolirudisha.