Kijana Anayeijua Simu Bado Hajaijua Kompyuta

Wazazi wengi wanaamini kwamba watoto wa siku hizi hawana haja ya kufundishwa kompyuta. Mtoto wa miaka minne anafungua simu ya mama yake, anatafuta katuni anayoitaka, anaruka matangazo. Akifika sekondari anahariri video kwa kidole gumba huku anapiga soga. Huyo afundishwe nini tena? Walimu nao, hasa waliokutana na kompyuta ukubwani, huona haya kusimama mbele ya mwanafunzi anayewazidi kasi. Mwaka 2001 mwandishi wa Kimarekani, Marc Prensky, aliipa nguvu dhana hiyo alipowaita vijana wenyeji wa ulimwengu wa kidijitali na watu wazima wahamiaji. Tangu hapo imekuwa vigumu kuing'oa.

Sisi tunaoshughulika na ufundishaji wa TEHAMA shuleni tunaona mambo kwa namna nyingine. Mpe kijana huyohuyo kompyuta ya mezani, mwambie aandike barua ya ukurasa mmoja, aihifadhi, kisha wiki ijayo aifungue na kuirekebisha. Wiki ijayo barua haionekani. Ipo, ila imehifadhiwa kwa jina ambalo programu ilijichagulia, katika folda ambayo mwandishi wake hajui kama ipo. Anaanza kuiandika upya, na kwa kuwa ana vidole vyepesi, anamaliza haraka na kudhani hapakuwa na tatizo.

Tatizo lipo, na chanzo chake ni simu yenyewe. Simu janja iliundwa makusudi ili mtumiaji asihangaike na mahali vitu vinapokaa. Picha zinajitokeza kwenye programu ya picha, nyimbo kwenye programu ya nyimbo, na kilichopakuliwa jana kinapatikana kwa kutelezesha kidole. Kwa mtu anayetaka kupiga gumzo na kutazama video, huo ni urahisi mtupu. Kompyuta ya kazi haiendi hivyo. Faili ina jina, ina aina, ina ukubwa, ina tarehe, na inakaa ndani ya folda iliyo ndani ya folda nyingine. Asiyejua hayo ataambatisha nakala ya zamani ya wasifu wake kwenye maombi ya kazi. Atashangaa kwa nini picha ya megabaiti 8 inakataliwa na fomu ya chuo inayotaka isizidi kilobaiti 200, na hatajua aipunguzeje. Siku flashi ikiharibika atapoteza kazi ya muhula mzima, kwa sababu hakuwahi kuambiwa kwamba kunakili mahali pa pili ni sehemu ya kazi.

Takwimu za kimataifa zinaunga mkono hayo. IEA, jumuiya ya kimataifa inayopima mafanikio ya elimu, huendesha upimaji uitwao ICILS kwa wanafunzi wa mwaka wa nane wa masomo. Badala ya maswali ya kukariri, mwanafunzi anakalishwa mbele ya kompyuta na kupewa kazi: tafuta taarifa, chagua inayofaa, tengeneza bango au wasilisho kwa ajili ya wasomaji fulani. Mwaka 2018 walipimwa wanafunzi zaidi ya 46,000, wengi wao kutoka nchi tajiri zenye vifaa tele. Asilimia 18 hawakufikia hata ngazi ya kwanza, yaani walishindwa kazi za msingi kabisa. Waliofika ngazi ya juu, ile ya kupima kwa makini uaminifu wa taarifa na kuamua kipi kitumike, walikuwa asilimia 2 tu. Hao ni watoto waliokua na skrini mikononi.

Sasa tazama kinachofundishwa katika vyumba vingi vya kompyuta. Mwanafunzi anaorodhesha vizazi vitano vya kompyuta. Anachora kibodi kwenye daftari. Anataja vifaa vya kuingizia data na vya kutolea. Anakariri kirefu cha vifupisho ambavyo hata fundi havimsaidii. Mtihani unafanyika kwa kalamu na karatasi, anapata alama 80, na bado hajui kuandika barua pepe yenye kichwa cha habari. Sisemi historia ya kompyuta haina maana. Nasema kwamba saa moja kwa wiki mbele ya mashine ni kitu adimu mno kuitumia kwa mambo yanayoweza kusomwa kitabuni chini ya mti.

Ningekuwa mpangaji wa ratiba, wiki za kwanza zote zingekuwa za faili na folda. Kila mwanafunzi atengeneze folda yake, ndani yake folda ya kila somo, na kila faili ipewe jina linaloeleweka hata baada ya mwaka mzima: somo, mada, tarehe. Kisha mwalimu afanye vituko kidogo. Ahamishe faili mbili tatu na kuwaambia wazitafute. Abadilishe jina moja. Awape faili moja katika nakala tatu zilizotofautiana kidogo, waseme ipi ni ya mwisho na wamejuaje. Zoezi hili halihitaji intaneti, na linafanyika kwenye mashine iliyozeeka kiasi chochote, mradi inawaka. Mwanafunzi akitoka hapo, mambo mengi yaliyobaki, kuanzia lahajedwali (majedwali ya kompyuta ya kupigia hesabu) hadi kuhifadhi kazi mtandaoni, yanamwingia kwa wepesi.

Baada ya hapo ndipo kutafuta taarifa, na hapa walimu wengi, pamoja na wasomi, wanafundisha njia isiyofanya kazi. Mwanafunzi anaambiwa auchunguze ukurasa wenyewe: una makosa ya tahajia? Una nembo? Anwani yake inaishia na nini? Matapeli nao wanajua kusahihisha tahajia na kuchora nembo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walilinganisha makundi matatu: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho, na wahakiki 10 wa ukweli wa habari. Wote walipewa kurasa za kutathmini. Wanahistoria na wanafunzi walikaa ndani ya ukurasa wakiusoma kuanzia juu hadi chini, na wengi walidanganyika kwa sura yake nzuri. Wahakiki waliutupia jicho, wakautoka mara moja, wakafungua kurasa nyingine pembeni kutafuta wengine wanasema nini kuhusu taasisi iliyouandika. Walisoma machache kuliko wenzao na wakapatia zaidi.

Mtoto wa miaka 13 anaweza kabisa kufundishwa mbinu hiyo. Mwalimu aweke ukurasa mmoja ubaoni au kwenye projekta na kuuliza swali moja: nani yuko nyuma ya maneno haya, na watu wasiomtegemea wanamwelezaje? Mwanafunzi haruhusiwi kujibu kwa kutumia ukurasa huo. Lazima atoke nje yake. Lirudieni zoezi hilo kila wiki, kwa dakika chache, katika somo lolote. Kwa nini liwe la mwalimu wa kompyuta peke yake? Mwalimu wa historia na wa baiolojia wana kurasa za uongo nyingi za kufanyia mazoezi kuliko yeye.

Hapo wakuu wa shule huwa wananikatiza: mtaalamu, tuna mashine chache na wanafunzi darasa zima. Ni kweli, na kinachotendeka ni kilekile kila mahali. Watatu au wanne wanaizunguka kompyuta moja, aliyezoea anashika kipanya, wengine wanatazama hadi kengele inalia. Mara nyingi wanaotazama ni wasichana. Lakini katika upimaji huohuo wa ICILS, wasichana kwa wastani waliwashinda wavulana katika kutafuta, kupima na kupanga taarifa, kwa hiyo kinachowaweka nyuma ya kiti si uwezo. Waandaa programu wanaofanya kazi wawiliwawili kwenye mashine moja wana utaratibu unaofaa kuigwa: aliyeshika kibodi haamui, na anayeamua hashiki. Mmoja anasema kifanyike nini na kwa nini, mwenzake anatekeleza. Baada ya dakika 10 mwalimu anapiga makofi, wanabadilishana. Wakiwa watatu, wa tatu anaandika kwenye daftari kila hatua waliyoichukua, maana itahitajika wakikwama. Shule haihitaji kununua chochote kwa hilo.

Yapo pia masomo ya kompyuta yasiyohitaji kompyuta. Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, pamoja na wenzake, wamekuwa wakisambaza mazoezi ya namna hiyo tangu miaka ya 1990, na moja napenda kulieleza kwa ukamilifu kwa sababu linafanyika kesho asubuhi bila maandalizi. Kata kadi tano. Ya kwanza ichore nukta 16, ya pili 8, kisha 4, 2 na 1. Wasimamishe wanafunzi watano mbele, kila mmoja na kadi yake, kwa mpangilio huo. Kila mmoja ana mambo mawili tu ya kufanya: kuonyesha nukta au kuzificha. Waulize darasa: tutapataje 13? Watahangaika kidogo, kisha mtu atapaza sauti: wa 8, wa 4 na wa 1 waonyeshe, wengine wafiche. Tutapataje 21? Namba kubwa kuliko zote ni ngapi? Wataona ni 31, na kwamba kila namba chini yake inapatikana, kwa njia moja tu. Kadi ya sita ingekuwa na nukta ngapi? Hapo darasa zima linajua ni 32 kabla hujamaliza kuuliza. Sasa ipe herufi A namba 1, B namba 2, na kuendelea, kisha waandikiane ujumbe kwa onyesha na ficha. Kwa dakika 40 wameelewa namna mashine inavyohifadhi maandishi kwa kutumia hali mbili pekee, jambo ambalo wengine husoma kwa mwaka mzima bila kulishika.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kijana anastahili kuona namna programu anazozitumia zinavyoundwa. Wazo la kumpa mtoto nafasi ya kuiamuru kompyuta si geni. Logo, lugha ya kuiamuru kompyuta, ilitengenezwa mwaka 1967 na Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon kwa ajili ya watoto, na humo mtoto alikielekeza kifaa au alama iliyoitwa kobe ichore maumbo. Mwaka 2007 MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ilitoa programu ya Scratch, ambamo mtoto anapanga maagizo kwa kuunganisha vipande vya rangi badala ya kuandika mistari ya msimbo. Ni ya bure, inaweza kusakinishwa na kutumika bila intaneti, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, haiko katika kuzalisha waandaa programu. Iko katika kuzoea kukosea. Katuni inapokwenda kushoto badala ya kulia, mtoto hana wa kumlaumu. Anarudi kwenye maagizo yake na kuyapitia moja baada ya jingine.

Kuna wanaodhani kwamba suluhisho la yote haya ni kugawa vifaa. Peru ilijaribu kwa kiwango kikubwa kupitia mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta mpakato. Watafiti wa benki ya maendeleo ya nchi za Amerika, IDB, walifuatilia shule 319 za msingi za vijijini, na mwaka 2012 wakatoa matokeo: baada ya takribani miezi 15, watoto walitumia kompyuta zaidi na walipata nafuu kidogo katika majaribio ya kufikiri, lakini alama za hisabati na lugha hazikusogea. Walimu wao walikuwa wamepata mafunzo mafupi, na shule nyingi hazikuwa na intaneti. Estonia ilipotangaza mpango wake wa kompyuta shuleni mwaka 1996, kompyuta na mtandao vilikwenda sambamba na mafunzo ya walimu na programu za kujifunzia kwa lugha ya nchi hiyo.

Kuhusu nywila, yaani maneno ya siri, nitasema machache. Wafundisheni watoto kuchagua nywila ndefu kuliko ngumu: maneno manne yasiyohusiana yanashinda neno moja lililopachikwa alama ya mshangao. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu 2017 imeacha kupendekeza watu walazimishwe kubadili nywila mara kwa mara. Na zisiandikwe ukutani mwa chumba cha kompyuta, kama inavyozoeleka.

Programu za akili unde (AI) zinazojibu maswali zimeongeza uzito wa kila nililolisema. UNESCO, katika mwongozo wake wa 2023, ilipendekeza mtoto asizitumie peke yake kabla ya miaka 13. Kwa walio juu ya umri huo, kupiga marufuku hakufiki mbali, maana simu iko nyumbani. Kinachosaidia ni mwalimu kudai hatua pamoja na jibu: rasimu ya kwanza, ya pili, na maelezo ya kilichobadilika kati yake. Anayejua kupanga faili zake anaweza kuonyesha hayo yote kwa dakika moja. Pia mpe mwanafunzi jibu la mashine lililoandikwa vizuri na lenye kosa, umtake alitafute kwa mbinu ileile ya kutoka nje ya ukurasa.

Mzazi anayetaka kujua shule ya mwanawe imefika wapi asihesabu mashine zilizopo. Amwombe mtoto afungue kazi aliyoifanya kwenye kompyuta ya shule mwezi uliopita, au aeleze ilipo. Kisha amuulize mwalimu mkuu maswali mawili: mwalimu wa kompyuta alipata mafunzo lini mara ya mwisho, na chumba kile hufunguliwa saa ngapi kwa wanafunzi wasio na kipindi?