Tiketi ya Machi: yanayoaminiwa kuhusu kikapu cha vyuo Marekani, na yalivyo

Hasheem Thabeet, kijana wa Makongo, Dar es Salaam, alianza kuichezea timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) msimu wa 2006-07. Msimu huo UConn ilishinda mechi 17, ikapoteza 14, na Machi ilipofika, mwezi wa mashindano ya taifa ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani), ikabaki nyumbani. Miaka miwili baadaye, UConn hiyohiyo ilitolewa katika mechi yake ya kwanza ya mashindano ya Big East, konferensi yake (yaani kundi la vyuo vyenye ligi yao), ikifungwa na Syracuse 127-117 baada ya muda wa nyongeza mara sita. Siku chache baadaye ikatangazwa kuwa moja ya timu nne zilizopewa namba 1 nchi nzima (timu hupangwa katika makundi manne, kila kundi likiwa na namba 1 hadi 16, na 1 ndiyo ya juu).

Kwa sisi tuliokulia kwenye msimamo wa Ligi Kuu, pointi tatu kwa ushindi na anayeongoza ndiye bingwa, habari hiyo ya pili haiingii akilini. Ndiyo maana kila mwaka, usiku wa kuamkia Jumatatu ambapo majina ya timu zilizoingia hutangazwa (kwetu Afrika Mashariki huwa saa saba usiku, wengi tumelala), asubuhi yake mashabiki huwa na malalamiko yaleyale. Mengi yanatokana na kudhani mfumo ule unafanana na tunaoujua.

"Anayeongoza msimamo ana tiketi mkononi"

Hana. Kwanza, hakuna msimamo mmoja. Timu za wanaume za daraja la kwanza ni zaidi ya 350, zimegawanyika katika konferensi, na nyingi kati yao hazikutani msimu mzima. Mashindano ya Machi yana nafasi 68. Mwaka 2025, nafasi 31 zilikwenda kwa mabingwa wa konferensi, na 37 zilizobaki zikagawiwa na kamati ya uteuzi ya NCAA.

Kinachowachanganya watu ni hilo neno bingwa. Anayepata tiketi ya moja kwa moja ni aliyeshinda mtoano wa konferensi yake mwanzoni mwa Machi, mtoano unaomalizika ndani ya siku chache. Aliyeongoza kwa miezi miwili ya mechi za konferensi hapewi chochote cha lazima.

Muulize shabiki wa Indiana State. Mwaka 2024 timu hiyo iliongoza konferensi ya Missouri Valley, ikawa imeshinda mechi 28 na kupoteza sita tu siku ya uteuzi ilipofika, na katika orodha rasmi ya NCAA ilikuwa ndani ya timu 30 bora. Ikafungwa na Drake katika fainali ya mtoano. Drake ikapata tiketi, Indiana State ikaachwa. Kwa maoni yangu kamati ilikosea, na sijaona maelezo yaliyonigeuza. Lakini hakuna kanuni iliyovunjwa.

Mwaka huohuo upande wa pili wa sarafu ulikuwa NC State. Walimaliza ratiba ya kawaida wakiwa na ushindi 17 na vipigo 14, yaani rekodi ileile iliyoiacha nje UConn ya Thabeet. Waliingia mtoano wa konferensi yao, ACC, wakiwa nafasi ya kumi, wakashinda mechi tano katika siku tano, wakawafunga Duke na North Carolina njiani, na kutwaa taji ambalo chuo hicho hakikuwa kimelionja tangu 1987. Tiketi ikawa yao bila kuulizwa. Walipewa namba 11 na wakafika nusu fainali ya taifa.

Bingwa wa namna hiyo, ambaye bila kombe asingeitwa, Wamarekani humwita mwizi wa nafasi, kwa sababu kiti anachokalia kinatoka katika fungu la kamati. Hapo ndipo timu iliyo ukingoni hupoteza tiketi ikiwa imekaa hotelini inatazama televisheni, kwa mechi ambayo haihusiki nayo kabisa. Ukiona mashabiki wa chuo fulani wanaombea vigogo washinde kila mtoano, huo si unafiki, wanalinda viti.

"Ukifikisha ushindi 20 umeingia"

Hii ni imani ya zamani hata huko Marekani kwenyewe, na makocha wengine bado huitaja. Saint Mary's ya California mwaka 2018 ilikuwa na ushindi 28 na vipigo vitano, tena ilikuwa imekwenda nyumbani kwa Gonzaga na kushinda. Iliachwa. Drexel mwaka 2012 ilishinda 27 na kupoteza sita, nayo ikatoka kapa. Mwaka 2017 Vanderbilt iliingia ikiwa na ushindi 19 na vipigo 15, ikapewa namba 9. Na Georgia ya 2001 iliitwa na kamati ikiwa 16-14.

Kamati haihesabu ushindi tu. Inauliza umemshinda nani na mmechezea wapi. Tangu msimu wa 2017-18 matokeo ya kila timu hupangwa katika mafungu manne. Fungu la kwanza, lenye uzito kuliko yote, ni mechi dhidi ya timu 30 za juu kama mmechezea kwako, timu 50 za juu kama mmechezea uwanja usio wa yeyote, na timu 75 za juu kama umekwenda kwake. Kwa hiyo timu inayoshika nafasi ya 70 ni mpinzani wa fungu la kwanza ukimfuata ugenini, lakini ukimkaribisha kwako anashuka fungu la pili. Mechi ileile, vijana walewale, thamani tofauti.

Fungu la nne ndilo sumu. Ukishinda humo huongezi kitu, ukifungwa doa linakufuata hadi Machi.

Na kuna jambo ambalo hata wafuatiliaji wazuri hulisahau: nafasi ya mpinzani inayotumika ni ile ya leo, si ya siku mliyocheza. Ulimfunga kigogo Novemba, ukashangilia, kisha yeye akaanguka Januari na Februari. Ushindi wako unashuka naye bila wewe kugusa mpira. Kinyume chake pia hutokea, kile kitimu ulichokifunga mapema bila kelele kikapanda na kukupandisha.

"Kompyuta ndiyo inayochagua"

Orodha inayotumika kupanga mafungu hayo inaitwa NET. Ilianza msimu wa 2018-19, ikachukua nafasi ya RPI iliyokuwa ikitumika tangu 1981. RPI ilitazama ushindi wako, ushindi wa wapinzani wako, na wa wapinzani wa wapinzani wako. NET inaongeza ufanisi: umefunga pointi ngapi kwa kila shambulizi na umeruhusu ngapi, ukilinganishwa na nguvu ya uliocheza nao na uwanja mliochezea.

Shabiki akiona timu yake ni ya 40 kwenye NET anahesabu: nafasi 68, sisi wa 40, tumo. Hesabu hiyo ina matundu mawili. Mabingwa wengi wa konferensi ndogo wako mbali sana chini, wengine chini ya 150, na wote lazima waingie. Kwa hiyo mstari halisi uko juu zaidi ya 68. Pili, NET inapanga faili tu. Karatasi ya kila timu ina vipimo vingine pembeni, kikiwemo kilichoongezwa msimu wa 2024-25 kinachouliza: timu ya kawaida ya ukingoni ingepewa ratiba yako, ingeshinda mechi ngapi, na wewe umezidi au umepungukiwa kwa kiasi gani? Mimi nakipenda hicho kuliko vyote, maana hakimzawadii mtu kwa kumfunga mnyonge kwa tofauti ya pointi 50.

Baada ya karatasi zote hizo, wanaoamua ni watu kumi na wawili, wakurugenzi wa michezo wa vyuo na makamishna wa konferensi, kwa kura ya siri, raundi baada ya raundi.

"Basi ni kujuana tu"

Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu walalamikaji wana nusu ya hoja.

Mwaka 2025 North Carolina iliingizwa miongoni mwa timu za mwisho kabisa. Katika fungu la kwanza ilikuwa imecheza mechi 13 na kushinda moja. Mwenyekiti wa kamati mwaka huo alikuwa Bubba Cunningham, mkurugenzi wa michezo wa North Carolina. West Virginia, iliyoachwa, ilikuwa na ushindi dhidi ya timu zenye majina makubwa, na gavana wa jimbo hilo akamtaka mwanasheria mkuu wake achunguze. Ukiisimulia hivyo kijiweni, kesi imekwisha.

Utaratibu lakini unasema mjumbe hutoka chumbani timu yake inapojadiliwa na haipigii kura, na ndivyo ilivyoelezwa kuwa ilifanyika. Hata maswali ya waandishi kuhusu North Carolina yalijibiwa na makamu mwenyekiti. Kisha timu yenyewe ikaenda Dayton, kwenye mchujo wa timu za mwisho kuingia, ikaifunga San Diego State 95-68. Hilo halithibitishi kwamba uteuzi ulikuwa sahihi. Timu inaweza kuteuliwa kimakosa na bado ikashinda.

Upendeleo ninaouona mimi uko mapema zaidi, kwenye ratiba. Timu iliyo katika konferensi kubwa hukutana na vigogo kila wiki, kwa hiyo hupata nafasi kumi au zaidi za kushinda mechi za fungu la kwanza. Ikishinda nne na kupoteza nane inasifiwa kwa kupambana. Indiana State na wenzake hupata mechi mbili tatu za aina hiyo. Na kuzitafuta si rahisi: chuo kikubwa hakikubali kusafiri kwenda kwenye ukumbi mdogo wa chuo kisichojulikana, kwa kuwa kikishinda hakipati sifa na kikifungwa kinaumia. Kilichozoeleka ni chuo kikubwa kumlipa mdogo aje kwake, achukue fedha na, mara nyingi, kipigo. Hakuna aliyevunja sheria wala kumpigia mtu simu usiku, lakini mwisho wa msimu karatasi ya mdogo ni nyeupe mahali ambapo ya mkubwa imejaa wino.

"Kila konferensi ina idadi yake"

Hakuna mgao. Mwaka 2025 konferensi ya SEC ilipeleka timu 14 kati ya 16, rekodi iliyoipita ile ya Big East ya timu 11 mwaka 2011, na mmoja wao, Florida, akatwaa ubingwa. Konferensi nyingine nyingi hupeleka bingwa wake peke yake. Wala rekodi ndani ya konferensi si kigezo rasmi: Nebraska ya 2018 ilishinda 13 kati ya 18 za Big Ten na haikuitwa.

"Mechi za mwisho ndizo zenye uzito"

UConn ya 2009 imeshajibu. Mechi ya Novemba na ya Machi zina uzani mmoja kwenye karatasi. Kinachoweza kubadili mambo ni majeruhi, kwa kuwa kamati inaruhusiwa kuangalia nani yupo na nani hayupo. Cincinnati mwaka 2000 walikuwa wa kwanza kwenye kura za waandishi. Nyota wao Kenyon Martin akavunjika mguu katika mtoano wa konferensi, na kamati ikawapa namba 2.

"Aliyeingia kwa mlango wa nyuma hafiki popote"

Timu nane za mwisho huanzia Dayton, Ohio, katika mechi nne za mchujo: nne ni mabingwa wa konferensi wenye nafasi za chini zaidi, nne ni za mwisho kuchaguliwa na kamati. VCU walianzia huko 2011, mwaka wa kwanza wa mchujo huo, wakafika nusu fainali ya taifa. UCLA nao walianzia kwenye mchujo 2021, ingawa mwaka huo haukuchezwa Dayton, wakafika hatua hiyohiyo.

Na kuna Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, kilichoingia 2022 kwa sababu moja tu: kilishinda mtoano wa konferensi yake. Kikapewa namba 15, na mpinzani wa kwanza akawa Kentucky ya Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi aliyekuwa mchezaji bora wa mwaka. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kudaka mipira 16. Kentucky ikafungwa 85-79 katika muda wa nyongeza, na Saint Peter's ikawa timu ya kwanza yenye namba 15 kufika robo fainali.

"Aliyeachwa amemaliza msimu"

Kuna NIT, mashindano mengine ya vyuo kwa timu zilizoachwa, iliyoanza 1938, mwaka mmoja kabla ya mashindano ya NCAA yenyewe, na kuna enzi ambapo kombe lake lilikuwa na hadhi sawa. City College of New York ilitwaa yote mawili mwaka 1950. Siku hizi baadhi ya vyuo vikubwa huikataa kwa hasira, kama St. John's walivyofanya 2024 baada ya kuachwa. Mwaka huo waliokubali walipata fainali ya kweli jijini Indianapolis: Seton Hall, nao walioachwa ingawa walishinda mechi 13 za Big East, dhidi ya Indiana State. Seton Hall walishinda 79-77.