Kadi za sinkronasi na kisoma kadi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kila kadi yenye chipu ni kompyuta ndogo."

Ya benki, sawa, ina prosesa. Lakini kadi ya mlango wa nyumba ya wageni inayoweza kufika mezani kwa fundi wa Makoroboi, Mwanza, huenda ni SLE4442: kumbukumbu ya baiti 256 na ulinzi kidogo, basi. Haina programu wala saa yake, yaani mapigo ya umeme yanayoongoza kazi; ndiyo maana huitwa kadi ya sinkronasi. Kisoma kadi ndicho kinachopiga saa kupitia pini C3, na kila pigo hupitisha biti moja kwenye C7. C2 ni riseti, C1 ni volti 5 (bodi ya volti 3.3 haitoshi), C5 ni graundi. Saa ikisimama, kadi nayo inasimama hapohapo ilipofika.

Wanaounganisha kadi na Arduino, bodi ndogo ya kuprogramu, hukwama hapa. Amri ni baiti 3, yaani amri yenyewe, anwani na data, na biti yenye thamani ndogo hutangulia. Amri inafunguliwa kwa kushusha C7 wakati C3 iko juu, inafungwa kwa kuipandisha C7 wakati C3 iko juu vilevile. Baada ya amri 38 ya kuandika (namba za amri na baiti hapa ni za heksadesimali), kadi inataka mapigo 255 ili ifute baiti na kuiandika upya. Ukiweka "subiri milisekunde 10" bila kupiga saa, hakuna kitakachoandikwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, baiti inaweza kubaki FF, yaani biti zote 1. Tena C7 inahitaji rizista ya kilo-omu 10 kwenda volti 5. Pasipo hiyo mstari unaelea na utasoma upuuzi.

"Saa ya kasi ndiyo mawasiliano ya kasi."

SLE4442 inapokea kilohezi 7 hadi 50 tu. Kadi ya benki hupewa megahezi kadhaa, ila mwanzoni kila biti hula mapigo 372: kwa megahezi 3.5712 unapata biti 9,600 kwa sekunde. Kadi ya saa ya polepole hufikisha 50,000. Inachekesha, lakini ndivyo hesabu ilivyo.

"Kompyuta haiioni, kwa hiyo imekufa."

Mara nyingi haijafa. Kisoma kadi kinasubiri jibu la kadi ya prosesa, linaloanza na 3B au 3F. SLE4442 hujibu kwa namna yake: pandisha C2, piga saa mara moja, shusha C2, kisha piga mara 31 nyingine huku ukisoma. Zitatoka biti 32: A2 13 10 91. Visoma kadi kadhaa vya USB huhitaji kwanza kutajiwa aina ya kadi. Kwa ACR38, mojawapo ya visoma hivyo, unatuma FF A4 00 00 01 06, ndipo amri FF B0 isome. Uchafu nao upo, hasa kwa kadi inayoshikwa na mikono ya wauza dagaa pale Mwaloni. Futa kwa spiriti na kitambaa laini. Msasa unakwangua dhahabu.

"Namba ya siri inazuia watu kusoma kadi."

Hapana. Kumbukumbu kuu ya SLE4442 husomwa na yeyote. Namba ya siri ya baiti 3 hulinda kuandika tu. Kwa hiyo usiweke humo siri ukadhani imefichwa. Hatua zake zina mpangilio: soma kihesabu cha makosa kwa amri 31, geuza biti yake moja kutoka 1 kuwa 0 kwa amri 39, linganisha baiti tatu za namba ya siri kwa amri 33, moja moja, kisha rudisha kihesabu kwa amri 39. Ukiruka hatua ya kugeuza biti, hata namba sahihi haitafungua. Ukikosea, kihesabu hakirudi. Makosa matatu mfululizo na kadi haiandikiki tena maisha.

Kinachoua kadi nyingi ni programu inayojaribu FFFFFF yenyewe, namba ya kiwandani, kila kadi inapoingizwa. Kihesabu kikionyesha imebaki biti moja yenye 1, ichomoe na umwombe mwenye mfumo namba yake.