Kijani Kwenye Ramani Si Msitu

Juma lililopita, katika kikao kimoja hapa Moshi, kiongozi mmoja aliweka kidole kwenye ramani ya NDVI, yaani kipimo cha ukijani wa mimea kinachotokana na setilaiti, ya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro akatutangazia kwamba msitu umeshuka hadi Kibosho. Hii ni mara ya nne mwaka huu kuisikia kauli hiyo, na kila mara hufuatiwa na hoja kwamba fedha za miche zipunguzwe, kwa kuwa setilaiti imeona miti.

Setilaiti haikuona miti. Ilipima mwanga mwekundu, ambao klorofili, rangi ya kijani ya majani, huufyonza, na infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho ambao majani huurudisha kwa wingi. NDVI ni tofauti ya vipimo hivyo ikigawanywa kwa jumla yake. Mahindi ya mwezi Mei nayo hutoa thamani ya juu, ila hayanisumbui, kwa sababu picha ya Septemba, yakiwa yameshavunwa, huyaumbua.

Kinachonisumbua ni kihamba, shamba la Wachaga linalozunguka nyumba. Juu kina miti ya miringaringa na migrivea, chini yake migomba, kisha mibuni, kisha magimbi, na yote hubaki kijani mwaka mzima kama msitu wenyewe, kwa hiyo mbinu ya kulinganisha majira hugonga mwamba. Pikseli, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ya setilaiti ya Landsat ina mita 30 kwa 30, nayo huchanganya nyumba, zizi, migomba na mringaringa kuwa thamani moja. Setilaiti ya Sentinel-2, yenye pikseli za mita 10, hupunguza tatizo bila kulimaliza. Zaidi ya hayo, FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, huita msitu eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayoweza kufikia mita 5 na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, mradi ardhi hiyo haitumiki hasa kwa kilimo. Vihamba vingi hutimiza masharti ya miti na kukwama kwenye hilo la mwisho, na hakuna kihisio angani kinachopima matumizi ya ardhi. Hilo huulizwa kwa mwenye kihamba.

Rada ya setilaiti ya Sentinel-1 hupenya mawingu ya masika, lakini miteremko mikali huipotosha, na uoto ukishakuwa mzito haitofautishi tena vizuri.

Wala asilimia ya usahihi ambayo sisi wachora ramani huiandika chini ya ramani hainipi usingizi mzuri. Pointi nyingi za GPS tunazotumia kuihakiki ramani huchukuliwa karibu na barabara, mahali gari linapofika, ilhali makosa mengi yamo makorongoni ambako hatukushuka, hivyo asilimia inayochapishwa huenda inapendeza kuliko ukweli. Juu ya Uru nilisimama na mwenzangu kwenye korongo lenye miti ya asili iliyozungukwa na migomba: yeye akaandika msitu, mimi nikaandika kihamba, na tulipolirudia siku iliyofuata kila mmoja alikuwa amebadili jibu lake. Ramani iliyotoka inaonyesha mpaka mmoja mwembamba hapo, ulionyooka kabisa.