Hitilafu ya waja leo, waondoka leo

Sisi watu wa Tanga tunataniwa kwa ule msemo wa "waja leo, waondoka leo". Hapa kibandani kwangu Ngamiani nautumia kwa mambo mengine kabisa: hitilafu ya umeme inayomsumbua mwenye pikipiki njia nzima, halafu akifika kwa fundi, haipo. Mwenye Honda au Yamaha ya zamani anayeishi karibu na bahari anaijua. Asubuhi indiketa zinapepesa vizuri, mchana honi inakohoa, jioni mtu ameshanunua betri mpya.

Hiyo betri mpya ndiyo inayoniuma. Mzee mmoja wa Sahare, mchuuzi wa samaki, aliniletea Honda CG125 yake, umri wake unanikaribia mimi. Nyuma ina tenga la kubebea samaki kutoka soko la Deep Sea, na chini ya tenga chuma chote kimeota kutu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Betri hii ni ya pili tangu mwaka uanze. Na regureta nimebadilisha. Bado taa zinalala."

Nikamuuliza nani alimwambia abadilishe regureta, kidude kinachodhibiti chaji inayokwenda betrini. Akasema fundi. Fundi gani, sikutaka kujua.

Kabla sijagusa betri nilifungua kisanduku cha fyuzi. Ndani nikakuta ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri na kubanwa mahali pa fyuzi ya ampea 10. Karatasi ile haikatiki kwa shoti ndogo. Kinachoungua ni waya wenyewe, chini ya tangi la petroli. Nikaitoa, nikaweka fyuzi, ikakaa. Basi shoti haikuwapo; shida ilikuwa kinyume chake, umeme haufiki.

Betri kwenye mita ilisoma volti 12.6, yaani nzima, imejaa. Nikachomoa balbu ya breki, nikagusisha ncha za mita ndani ya holda, mzee akakanyaga breki: 12.4. Hapa wengi huishia. Husema umeme upo, leta balbu nyingine. Nikairudisha balbu ileile. Ikawaka wekundu wa kaa linalotaka kufa. Nikapima tena, safari hii balbu ikiwa mahali pake, nikichomeka ncha za mita nyuma ya soketi za waya zilizo chini ya kiti. Ikasoma 5.

Balbu ilitoka nzima, ikarudi nzima, na volti 7 zimepotea njiani. Kisa ni kwamba mita yenyewe inavuta umeme kidogo sana. Waya ukibakiwa na uzi mmoja tu wa shaba, uzi huo unatosha kuionyesha mita volti zote. Lakini balbu ya breki ni wati 21, inataka karibu ampea 1.75, na huo uzi hauwezi. Ni kama mpira wa maji ambao mtu ameukanyaga katikati. Ziba mdomo wake kwa kidole, utahisi presha imejaa. Ondoa kidole, yanatoka matone. Ndiyo maana mimi sipimi waya mtupu. Napima ukiwa na mzigo, taa ikiwa imewashwa. Asiye na mita achukue balbu ya indiketa ya volti 12, aiunge nyaya mbili, aitumie kupimia. Ikififia, amepata jibu ambalo mita ingemficha.

Zile 7 zilipotelea wapi? Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye waya wa kijani wa taa ya nyuma, breki imekanyagwa. Zote mbili ni upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia fremu, kwa hiyo kati yao kusiwe na volti za maana, ikizidi 0.2 mimi naanza kutafuta. Ilisoma 7. Nikaanza kuisogeza ile ncha ya pili hatua kwa hatua kurudi kwenye betri: soketi, fremu, bolti, kisha ile pete ya waya wa hasi iliyobanwa na bolti. Kote huko bado 7. Ina maana bolti, fremu na soketi hazina kosa. Kosa liko kati ya pete na kichwa cha betri, kwenye waya wenyewe, ambao kwa nje ulikuwa mzima na umezungushiwa tepu nyeusi ya kupendeza.

Nikaitoa tepu. Ukamwagika unga wa kijani mkononi. Shingoni mwa pete nyuzi zote zilikuwa zimeliwa, zimebaki nne. Pikipiki ikitikisika, waya unavutwa, mara nne, mara mbili, mara hakuna. Ndiyo waja leo, waondoka leo yenyewe.

Na betri zile mbili hazikuwa na kosa, ya kwanza ilikufa njaa tu. Chaji ya regureta nayo inapita kwenye waya huohuo ili ifike betri. Njia imeziba, betri inatoa kidogo ilicho nacho na hairudishiwi. Mzee aliposikia hivyo alinyamaza, kisha akauliza kama betri ya kwanza aliyoiuza chuma chakavu ingeweza kupona. Nikamwambia tuyaache hayo.

Kuurekebisha kuna kosa moja ambalo watu hulirudia: kukata waya palepale palipoharibika na kubana pete mpya. Maji ya chumvi, na ya tenga la samaki ndiyo mabaya zaidi, hupanda ndani ya ganda la waya. Menya uone. Shaba ikiwa nyeusi, risasi ya kulehemu haishiki na pete haibani. Kata tena, menya tena, mpaka uione inang'aa. Wa mzee ulikuwa mweusi kiasi cha kiganja kizima, nikautupa wote nikaweka mpya, nene zaidi. Rangi ya fremu chini ya bolti nikaikwangua mpaka chuma cheupe, nikabana, nikapaka grisi juu. Nikawasha injini, nikavuta mafuta: betrini 14.1. Kati ya 13.5 na 14.5 nalala usingizi. Ikipita 15, regureta ndiyo mbovu na itaichemsha betri.

Jambo la rangi za nyaya nalisema haraka kwa sababu limeshaunguza fyuzi nyingi. Kwenye Honda ethi ni kijani, na mweusi ni umeme unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Kwenye Yamaha mweusi ndio ethi, na wa ufunguo ni kahawia. Aliyejifunzia Yamaha akifungua Honda na kuupeleka mweusi kwenye fremu, atasikia tu "tk".

Pikipiki inayozimika yenyewe ni kesi nyingine. Nyingi za zamani zenye CDI, kile kisanduku kinachoamuru plagi itoe cheche, hupata moto wa plagi kutoka koili yake ndani ya stata, yaani nyaya zilizozungushwa injini ikizunguka zizalishe umeme, betri haihusiki kabisa, na huzimwa kwa waya mmoja kugusishwa na ethi. Kwenye Honda huwa mweusi wenye mstari mweupe. Waya huo ukichubuka na kugusa fremu, injini inakata kana kwamba umezima ufunguo. Uchomoe kwenye CDI, uendeshe. Isipokata tena, usinunue CDI wala koili. Ila ufunguo hautaizima sasa, kwa hiyo ukitaka kusimama tia gia ya juu, bana breki, uachie klachi taratibu mpaka ife. Kisha fungua taa ya mbele, ufuate nyaya zinazopita shingoni, geuza usukani kushoto hadi mwisho, na utazame ni upi unaobanwa.