Kuongoza kwa kura na kuwa rais: dhana potofu na ukweli

Matokeo ya nchi jirani yakitangazwa, wengi wetu huyapima kwa sheria ya kwetu. Ubishi mwingi huanzia hapo, na aghalabu pande zote mbili huwa hazijaisoma katiba inayohusika.

Dhana: Aliyewapita wenzake kwa kura ameshinda.

Tanzania ndivyo ilivyo. Tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, anayeongoza hutangazwa hata kama hajafika nusu. Kongo nayo iliondoa duru ya pili mwaka 2011, na katika uchaguzi wa Desemba 2018 Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa takriban asilimia 38.

Kenya hiyo haitoshi. Ibara ya 138 inaweka masharti mawili kwa pamoja: mgombea apate zaidi ya nusu ya kura zote, na apate walau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Sharti la pili ndilo linalopotoshwa zaidi. Mgombea halazimiki kuongoza katika kaunti hizo 24. Anaweza kuwa wa pili au hata wa tatu, mradi robo ya kura za pale ni zake. Likikosekana sharti moja tu, wawili wa juu huingia duru ya pili ndani ya siku 30.

Na nusu ya nini? Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kura zilizoharibika hazihesabiwi. Chukua karatasi 100 kutoka kwenye debe, 4 zikiwa zimeharibika. Mwenye kura 49 ana 49 kati ya 96, yaani asilimia 51. Anayegawanya kwa 100 atapata 49 na kudai duru ya pili isiyokuwepo.

Dhana: Wamarekani humchagua rais moja kwa moja.

Wanachagua wajumbe 538, ambao ndio humchagua rais, na mgombea anahitaji 270 kati yao. Karibu kila jimbo humpa wajumbe wake wote anayeongoza humo. Maine na Nebraska pekee hugawanya. Ndiyo maana mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa takriban kura milioni 2.9 za wananchi na bado akashindwa.

Dhana: Kila kiongozi wa serikali hupigiwa kura na taifa zima.

Waziri Mkuu wa Uingereza hupigiwa kura jimboni kwake tu, kama mbunge. Mwaka 2022 nchi hiyo ilikuwa na mawaziri wakuu watatu bila uchaguzi mkuu hata mmoja. Afrika Kusini, rais huchaguliwa na Bunge lenye viti 400, na akishachaguliwa hupoteza ubunge wake.

Dhana: Mahakama ikifuta matokeo, aliyelalamika huapishwa.

Hii huwapa wafuasi matumaini ya bure, kisha hasira. Kenya, kesi hufunguliwa ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, na Mahakama ya Juu huamua ndani ya siku 14 tangu ifunguliwe. Ikibatilisha, uchaguzi mpya hufanyika ndani ya siku 60. Mwaka 2017 matokeo yalifutwa Septemba 1, uchaguzi ukarudiwa Oktoba 26, na Uhuru Kenyatta aliyekuwa ametangazwa awali akashinda tena. Tanzania njia hiyo haipo kabisa: Katiba inazizuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa na Tume. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika, na kwa maoni yetu iliamua sawa.

Malawi ilienda mbali zaidi. Peter Mutharika alitangazwa mshindi mwaka 2019 kwa chini ya asilimia 39. Februari 2020 mahakama ilifuta matokeo, ikasema pia kwamba Katiba inataka zaidi ya nusu. Uchaguzi uliporudiwa Juni, upinzani uliungana nyuma ya Lazarus Chakwera, naye akavuka nusu.